Kabati la TV bapa: pima miguu, macho na nyaya kabla ya rangi

Dukani kabati la TV huonyeshwa likiwa tupu, limeng'aa kwa vanishi, na juu yake pamewekwa maua ya plastiki. Vitu vitakavyoamua kama litakufaa havipo pale: TV yenyewe na miguu yake, king'amuzi kinachochemka, nyaya tano sita, plagi ya pini tatu, maji ya kudekia na mtoto wa miaka mitatu. Anza na hivyo. Rangi utaichagua mwishoni, na kwa raha.

Uzito, ambao wanunuzi huuulizia kwanza, si shida kubwa tena. TV ya chogo, ile nene ya zamani, ya inchi 29 ilifika kilo 40 na zaidi. TV bapa ya LED ya inchi 55 mara nyingi ina kilo 13 hadi 17, na ya inchi 65 huwa kwenye kilo 20 na kidogo. Meza yoyote iliyoungwa vizuri hubeba mzigo huo. Kilichobadilika ni umbo: kilo zimepungua, upana umeongezeka, na mzigo wote sasa unatua kwenye miguu miwili myembamba iliyoachana sana. Ndiyo maana kabati lililobeba TV ya chogo miaka kumi bila shida linaweza kushindwa kuipokea TV yenye nusu ya uzito ule.

Inchi za kwenye boksi si upana

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi ni urefu wa mshazari wa kioo, kutoka kona ya chini ya upande mmoja hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kwa kuwa karibu TV zote bapa zina umbo la 16 kwa 9, hesabu yake ni nyepesi: zidisha inchi kwa 2.2 upate upana wa kioo kwa sentimita, kisha zidisha inchi zilezile kwa 1.25 upate kimo. Ongeza sentimita moja au mbili za fremu. TV ya inchi 32 huwa na upana wa kama sentimita 72, ya 43 kama 97, ya 50 kama 112, ya 55 kama 123, ya 65 kama 145, na ya 75 hukaribia 168.

Hapo ndipo shoo kesi za zamani zinapokwama. Zile zenye tundu kubwa katikati zilichongwa kwa ajili ya TV ya chogo, na tundu la sentimita 80 au 85 halipokei zaidi ya inchi 32. Wapo wanaokata nguzo ya pembeni ili ya inchi 43 iingie. Nguzo hiyo mara nyingi ndiyo inayobeba rafu za juu zenye sahani na glasi, kwa hiyo kuikata ni kualika msiba. Angalia kwanza kama shoo kesi yako ni ya vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyofungwa kwa skrubu kwa ndani. Kama ndivyo, kitenganishe cha juu, na cha chini kinakuwa meza nzuri ya TV.

Sasa miguu. TV nyingi za siku hizi hazina stendi moja ya katikati. Zina miguu miwili karibu na ncha. TV mbili zenye inchi 55, za kampuni tofauti, zinaweza kupishana hata kwa sentimita 20 na zaidi katika umbali wa mguu hadi mguu. Namba hiyo ndiyo ya kwanza kuandika, na hupatikana kwenye kijitabu cha TV, kwenye ukurasa wa vipimo "pamoja na stendi". Usipokiona, chukua futikamba dukani upime mwenyewe, kutoka ukingo wa nje wa mguu mmoja hadi ukingo wa nje wa mwingine. Pima pia mguu unavyokwenda mbele na nyuma: kwa inchi 55 huwa kati ya sentimita 22 na 30.

Uso wa kabati uzidi vipimo hivyo kwa sentimita 5 kila upande. Hizo ni za usalama tu, TV isidondoke ikisukumwa na kitambaa cha vumbi. Kwa macho, kabati linalopita upana wa TV kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande hupendeza zaidi na huzuia mabega ya watu kugonga kona ya kioo. TV ya inchi 55 basi inataka kabati la sentimita 150 hadi 160, na ya 65 inataka 180.

Na kama una kabati zuri lakini miguu imelizidi? Usitandike ubao mrefu juu yake ukaacha hivyo hivyo. Ubao usiofungwa huteleza, na ukisukumwa upande mmoja upande wa pili huinuka. Kuna stendi ya mezani yenye nguzo ya katikati, inayofungwa kwenye matundu manne ya mgongoni mwa TV. Matundu hayo yamewekwa kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho VESA, na huandikwa kwa milimita: 100 kwa 100, 200 kwa 200, 400 kwa 300 na kadhalika. Hakikisha stendi inataja kipimo cha TV yako na pia uzito wake. Skrubu huwa M4 (yaani unene wa milimita 4) kwa TV ndogo na M6 au M8 kwa kubwa. Izungushe kwa mkono kwanza. Ikikaza baada ya mizunguko miwili mitatu, ama ni ya saizi nyingine ama imeingia upande, itoe. Ikiwa ndefu kupita kiasi, itafika kwenye saketi za ndani, na hapo TV mpya inakwenda kwa fundi kabla haijawashwa.

Kimo: pima jicho, si ukuta

Kaa kwenye kochi lako unavyokaa siku zote, si unavyokaa mbele ya wakwe, halafu mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi kwenye jicho. Kwa makochi mengi inatoka kati ya sentimita 95 na 110. Toa nusu ya kimo cha TV, toa kimo cha miguu yake, kinachobaki ni kimo cha kabati kitakachoweka jicho katikati ya kioo. Mfano: jicho liko sentimita 105, TV ya inchi 55 ina nusu kimo 34, miguu ni 7. Kabati ni sentimita 64.

Lakini jicho halidai katikati kabisa. Shingo hupumzika jicho likitazama chini kidogo, kwa hiyo unaweza kushusha kabati hadi sentimita 12 chini ya hesabu hiyo bila kuona tofauti. Kupandisha ndiko kunakoumiza. Meza zenye kimo cha sentimita 75 au 80, ambazo bado zinatengenezwa kwa mazoea ya TV ndogo, zikibebeshwa inchi 55 hukufanya utazame kama uliyekaa kiti cha mbele kabisa sinemani. Zaidi ya shingo kuna picha: vioo vingi vya bei ya chini hupauka rangi ukivitazama kutoka chini au pembeni, na mteja hulaumu TV kwa kosa la meza.

Nyumba ambako familia huketi mkekani, jicho la mtu mzima liko kama sentimita 75 kutoka sakafuni. Huko kabati la sentimita 35 hadi 40 ndilo sahihi, ingawa kwa wageni wa kwenye kochi litaonekana fupi. Chumbani, ambako mtu anatazama akiwa ameegemea mto, kimo huongezeka, na hapo kutundika ukutani kuna mantiki kuliko sebuleni.

Umbali usikuchoshe. Kwa picha angavu ya HD au 4K, kaa umbali wa mara 1.2 hadi 1.6 ya mshazari: inchi 43 ni mita 1.3 hadi 1.75, inchi 55 ni mita 1.7 hadi 2.2, inchi 65 ni mita 2 hadi 2.6. Chaneli zenye picha ya kawaida zinataka usogee nyuma zaidi, la sivyo utahesabu vidoti. Kumbuka tu kwamba kipimo si cha ukuta hadi ukuta. Sebule ya futi 10 kwa 12, TV ikiwa kwenye ukuta mrefu, ina mita 3.05 kati ya kuta. Kabati linaisogeza TV mbele kama sentimita 20, na kichwa cha mtu kwenye kochi kiko sentimita 40 mbele ya ukuta wa nyuma. Zinabaki mita 2.45. Hapo inchi 55 zinatosha na 65 zinapendeza. 75 ni kujionyesha.

Ubao gani, na kwa nini unapinda

Makabati mengi ya dukani ni ya chipbodi au MDF iliyofunikwa kwa karatasi ya melamini. Chipbodi ni vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. MDF ni unga wa nyuzi za mbao uliogandamizwa. Ili kujua unachouziwa, chungulia ndani ya tundu la waya au la bawaba ambalo halikufunikwa: chipbodi huonyesha vipande vipande, MDF ni laini sawasawa kama kadibodi nene, na plaiwudi huonyesha tabaka zilizopandana. Muuzaji akisema "mbao tupu" na tundu likasema vingine, amini tundu.

Hakuna ubao mbaya kwa kuzaliwa. Chipbodi ya milimita 18 iliyofungwa kingo zote inadumu miaka mingi katika nyumba kavu. Adui yake ni maji. Kingo zikiachwa wazi, hasa zile za chini zisizoonekana, maji ya kudekia hupanda, ubao huvimba, na ukishavimba haurudi hata ukaushwe vipi. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja kuna la ziada: unyevu wa hewa na chumvi. Bawaba na vifungio vya chuma chepesi hushika kutu, na kutu ikila uzi wa skrubu ndani ya chipbodi, mlango unalegea bila dawa. Kwa nyumba za pwani tungechagua plaiwudi, au mbao, na skrubu za chuma kisichoshika kutu au za shaba. Kwa Arusha au Iringa, chipbodi nzuri haina ubaya.

Mbao ngumu zina sifa zake. Mninga, unaotoka kwa wingi kwenye misitu ya miombo ya upande wa Tabora, hutulia: ukikauka haujikunji sana, na ndiyo siri ya droo za mninga kuteleza vilevile masika na kiangazi. Mkongo na mvule ni vigumu na mchwa havipendi. Mtiki, unaopandwa Longuza na Mtibwa, ni mzuri mno kwa hewa ya pwani. Paini ya Sao Hill ni nafuu na nyepesi kufanyia kazi, ila inahitaji dawa ya wadudu, na mafundo yake hutoa utomvu unaotoboa vanishi. Sipresi iko katikati.

Tatizo la mbao mara nyingi si aina, ni ubichi. Fundi akichonga kabati kwa mbao iliyopasuliwa mwezi uliopita, itaendelea kukauka sebuleni kwako: viungo vinafunguka, mlango unajikunja, uso wa juu unapasuka katikati. Kanuni ya zamani ya kukausha kwa hewa ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao mbichi ni nzito kupita sura yake na ni baridi mkononi. Hata ikikauka, mbao huendelea kutanuka na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu, kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Fundi anayejua hafungi uso wa juu kwa gundi na misumari pande zote. Huufunga kwa skrubu kupitia matundu marefu kidogo, ubao upate pa kuchezea.

Sasa kupinda. Ubao wa juu uliowekwa juu ya nguzo mbili tu, bila kitu katikati, utalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Uzito ukiwa uleule, ukiongeza mara mbili urefu usio na nguzo, ubao hupinda mara nane. Kwa upande mwingine, unene husaidia kwa kiwango hichohicho: ubao wa milimita 25 unakataa kupinda mara 2.7 kuliko wa milimita 18. Chipbodi na MDF zina tabia nyingine mbaya, kwamba huendelea kupinda polepole kwa miaka hata mzigo usipoongezeka. Kwa ubao wa milimita 18, usiache zaidi ya sentimita 60 bila kizuizi chini yake, na TV ikiwezekana itue miguu yake karibu na vizuizi hivyo.

Kioo ni habari fupi. Rafu iwe na unene wa milimita 8 au 10, na kiwe kioo kilichotiwa ugumu kiwandani, ambacho kikivunjika huwa punje na si majambia. Alama yake huwa imechapwa kwenye kona na haifutiki. Isipokuwepo, usiweke TV juu yake.

Kabati kamili kutoka ubao mmoja

Mbao za viwandani huuzwa kwa futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Ukipanga vizuri, ubao mmoja wa milimita 18 unatoa kabati la inchi 55: urefu sentimita 160, kina 40, na boksi lenye kimo cha 40 linalokaa juu ya miguu ya 15. Jumla ni 55, ambayo kwa kochi la kawaida inaweka jicho juu kidogo ya katikati ya kioo.

Mwambie mkata mbao achane mikanda mitatu ya sentimita 40 kwa urefu wote. Msumeno hula kama milimita 3 kila mchano, na mikanda bado inatosha. Mkanda wa kwanza unatoa ubao wa juu wa 160 na vipande viwili vya 36.4. Wa pili unatoa ubao wa chini wa 160 na vipande vingine viwili vya 36.4. Hivyo vinne ni mbavu mbili za nje na mbili za ndani, zikisimama kati ya ubao wa chini na wa juu. Vyumba vitatu vinavyopatikana vina upana wa karibu sentimita 51 kila kimoja, chini ya ile 60 tuliyoitaja. Mkanda wa tatu unatoa milango miwili ya 53.4 kwa 39.6 kwa vyumba vya pembeni, na rafu moja ya chumba cha kati. Rafu hiyo ipunguzwe kina hadi 33, ili nyuma yake nyaya na hewa vipite. Kwa boksi la kimo hiki, rafu ikae juu kidogo ya katikati: chini pabaki sentimita 20 kwa king'amuzi, juu pabaki 14 kwa kifaa chembamba.

Miguu iwe sita na si minne. Ubao wa chini nao unapinda, na ukipinda milango ya pembeni huanza kusuguana na mbavu. Jozi ya katikati iwe chini ya mbavu za ndani, au karibu nazo. Mgongo uwe plaiwudi ya milimita 6, si hadibodi ya 3 iliyogongwa kwa vimisumari: mgongo ndio unaozuia kabati lote kulala upande kama boksi la kadibodi lisilo na kifuniko. Kwenye chipbodi, viungo vifungwe kwa skrubu nene za milimita 7 kwa 50 zilizotobolewa njia kwanza kwa keekee ya milimita 5. Vifungio vya kuzungusha nusu duara, vinavyokuja na makabati ya maboksi, ni rahisi kufunga lakini hulegea ukilifungua na kulifunga kabati mara mbili tatu, jambo la kufikiria kwa anayeishi nyumba ya kupanga.

Ukitaka droo badala ya mlango, reli za chuma zenye gololi zinahitaji nafasi ya milimita 13 kila upande. Fundi akikosea hata milimita 2, droo ama inakwama ama inacheza. Kwa kina cha 40, nunua reli za sentimita 35.

Nyaya, joto na rimoti

Tangu Dar es Salaam ilipozima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine kufuata, king'amuzi kimekuwa mkazi wa kudumu wa kabati. Na king'amuzi ni kifaa cha moto: hakizimiki kabisa ukibonyeza rimoti, kinalala tu huku umeme ukiendelea kupita. Ndani yake kuna kapasita, vipande vidogo vinavyohifadhi umeme, na mafundi wa elektroniki wana kanuni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita unapungua karibu nusu. Sebule ya Dar iliyo na nyuzi 31, ndani ya chumba cha kabati kilichofungwa mbele na nyuma, inazalisha nyuzi nyingi zaidi ya hizo. King'amuzi kinachojizima chenyewe jioni na kuwaka vizuri asubuhi mara nyingi hakina ubovu; hakipumui.

Kipe sentimita 10 juu na 5 kila upande. Usipandishe kimoja juu ya kingine, na usikilaze juu ya amplifaya ya sabufa. Chumba chake kiwe na tundu chini ya mgongo na jingine juu, kwa sababu hewa moto hupanda: tundu moja peke yake halivuti. Kata mgongo wa chumba hicho nafasi ya sentimita 30 kwa 10 juu na kiasi kama hicho chini, ukiacha ubao wa kutosha pembeni ili kabati lisiyumbe.

Tundu la waya ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Mafundi wengi hutoboa la milimita 60, kwa kuwa vifuniko vya plastiki vya saizi hiyo vipo madukani. Plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda ina upana wa karibu milimita 50, na ukijumlisha pini zilizochomoza, hupita hapo kwa shida au haipiti. Adapta yenye transfoma ndani yake haipiti kabisa. Dawa yake ni tundu la milimita 80, au mstatili wa sentimita 10 kwa 6 kwenye mgongo.

Ekstensheni isikae sakafuni nyuma ya kabati, mahali maji ya kudekia yanapokusanyika. Ifunge kwa skrubu upande wa ndani wa mgongo au wa ubavu, sentimita 15 juu ya ubao wa chini, matundu yakitazama mbele. Kilinda TV kiwe mahali mkono unafika bila kusogeza kabati, maana siku umeme unapochezacheza ndipo utakapokitaka kwa haraka. Waya wa HDMI nao usikunjwe kwa kona kali ukutani. Acha sentimita 5 kati ya mgongo wa kabati na ukuta. Nafasi hiyo pia inakuwezesha kuona njia za mchwa kabla hazijafika mbali.

Milango: rimoti za kawaida hutumia mwanga wa infraredi, unaopita kwenye kioo kinachopenyeza mwanga lakini haupiti kwenye mbao wala kwenye kioo cha kujitazamia. Mlango wa fito zilizoachana milimita 10 hivi hupitisha mwanga wa rimoti na hewa kwa pamoja, na kwa kabati la TV hatujaona mlango bora kuliko huo. Kama una saundiba, ile spika ndefu ya kuweka mbele ya TV, pima kimo chake dhidi ya nafasi iliyo chini ya kioo. Saundiba ya sentimita 7 mbele ya miguu ya sentimita 6 inaweza kuziba jicho la rimoti la TV. Sabufa ikae sakafuni, nje ya kabati. Ukiiweka ndani, milango yote itaimba nayo.

Mtoto na droo

Kabati refu lenye droo, TV juu yake, na mtoto anayevuta droo ya chini ili aifanye ngazi: hivyo ndivyo TV huangukia watoto. Kilo 15 zikianguka kutoka kimo cha mita moja zinatosha kuua. Kabati pana na fupi hupunguza hatari, ila haliiondoi. Vinahitajika vifungo viwili: TV ifungwe kwa mkanda kutoka tundu la mgongoni mwake hadi ukutani au kwenye mgongo imara wa kabati, na kabati lifungwe ukutani kwa vyuma viwili vya kona.

Kwenye ukuta wa tofali za saruji, toboa kwa keekee ya milimita 8, weka fisha ya plastiki ya 8, na skrubu ndefu ya milimita 60. Urefu huo una sababu. Lipu inaweza kuwa na unene wa sentimita moja na nusu au zaidi, na fisha iliyoishia ndani ya lipu hutoka na kipande chake siku ya kwanza ikivutwa. Lenga katikati ya tofali, si kwenye kiungo cha udongo wa saruji, na usitoboe juu au chini ya soketi kwa mstari wa wima, kwa kuwa huko ndiko waya za ukutani hupita. Mwenye nyumba akikataza matundu, jadiliana naye juu ya mawili madogo. Yanazibika kwa jasi na rangi.

Unapomkabidhi fundi kazi

Mpe mchoro wenye namba kwa sentimita: urefu, kina, kimo, nafasi za ndani, tundu la waya liko wapi na lina ukubwa gani. "Kama lile la picha" si kipimo. Picha ya simu haionyeshi kina. Taja unene wa ubao wa juu na wa mgongo kwa maandishi, kwa sababu hapo ndipo pesa hupunguzwa kimyakimya. Keko au Buguruni jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Ngong jijini Nairobi, utaratibu ni uleule: malipo ya awali yatoshe vifaa, yanayobaki yalipwe kazi ikikaguliwa, tena kabla ya vanishi. Vanishi na unga wa msumeno uliochanganywa na gundi huficha viungo vilivyoachana, na baada ya hapo hakuna jicho litakaloviona.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika kumi. Pima mishazari miwili ya mbele kwa futikamba. Ikitofautiana zaidi ya milimita 3, boksi limelala upande na milango haitakaa. Sukuma kona ya juu kwa kiganja: likiyumba tupu, litayumba zaidi likiwa na TV. Chomoa droo uangalie kona zake kwa nyuma, kama zimeunganishwa kwa ulimi na tundu au ni misumari mitatu. Ligeuze utazame kingo za chini, zimefungwa au ziko wazi. Pima mlango wa nyumba yako na kona ya ngazi kabla halijapakiwa kwenye guta, maana kabati la sentimita 180 linapita mlango wowote kwa urefu lakini halikunji kona ya korido nyembamba.

Likifika, liweke mahali pake likiwa tupu, ubavuni mwa dirisha na si kuelekeana nalo, jua lisipige kioo. Weka pimamaji juu yake kwa urefu kisha kwa kina. Sakafu zetu nyingi zina mteremko wa kupeleka maji mlangoni, kwa hiyo mguu mmoja au miwili itataka kuinuliwa kwa kipande cha mpira au plaiwudi. Likishakaa sawa, fungua milango na droo zote kwa pamoja uone kama linainama mbele. Kisha funga vyuma vya ukutani, ingiza nyaya, na TV iwe ya mwisho kupanda, ikibebwa na watu wawili kwa kushika fremu na si kioo.